Hatua Tisa Kutoka Lami: Wadogo Wetu Wasihamishiwe Mbele



Wiki chache zilizopita kamati yetu ilileta pendekezo kwamba darasa la wadogo, wale wa miaka mitatu hadi sita, litolewe chumba cha nyuma na kupelekwa chumba kipya cha mbele, kile kinachotazama lami. Sababu zilizotolewa ni nzuri kuzisikia. Chumba cha mbele ni kikubwa, kina madirisha mapana, wapita njia watakiona na kujua kwamba hapa pana darasa, na mzazi mwenye gari ataweza kumshusha mtoto mlangoni bila kuzunguka uwanja. Chumba cha nyuma kitafanywa ofisi na stoo. Wengi wetu tuliitikia, na sisi tunaoandika hapa tuliitikia pamoja nao. Leo tunasema wazi kuwa tulikosea, na tunaomba jambo hili lisimamishwe kabla rangi haijanunuliwa.

Tunajua tutaambiwa kwamba tumerudi nyuma, na kwamba kila kitu kikitaka kufanyika kuna watu wa kukitia doa. Basi na iwe hivyo. Afadhali tulaumiwe sasa kuliko kuulizwa na watoto hawa baadaye.

Tulikwenda kupima, tena kwa miguu tu. Kutoka ukingo wa lami mpaka dirisha la chumba cha mbele ni hatua tisa. Mpaka mlango wa chumba cha nyuma ni hatua sitini na nne. Mtu atauliza: hatua hamsini na tano zina nini hata mtugombanishe? Hewa si ni ileile?

Hewa si ileile, na hapo ndipo lilipo kosa letu.

MOSHI HAUGAWANYWI SAWA

Tumezoea kuuona moshi wa magari kama mvua: ukinyesha mji, umenyesha kwa wote. Tunasema "hewa ya Bujumbura imeharibika" kana kwamba kuna sufuria moja kubwa na kila mtu anakunywa kwa kijiko chake. Lakini moshi wa barabara una tabia nyingine. Ni mkali mno pale pale unapotoka, kisha hupungua haraka sana kadiri unavyoondoka. Mtu anayekaa hatua tisa na mtu anayekaa hatua sitini hawavuti hewa moja, hata kama wanaishi ndani ya ua mmoja na wanafungua geti moja.

Hili limepimwa, tena kwa ndugu zetu wa karibu. Mwezi Julai 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani walipima hewa ya Nairobi mchana kwa muda wa wiki mbili. Walichopima ni zile chembe laini ziitwazo PM2.5, yaani chembe zisizozidi mikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwa ni mnene kuzishinda kwa kama mara thelathini. Kwa udogo huo haziishii puani wala kooni, huenda moja kwa moja hadi ndani kabisa ya mapafu.

Kwenye makutano makubwa ya barabara walikuta mikrogramu 128.7 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Wakaenda upande ule upepo unakoelekea, mita 100 tu, wakapima tena. Wakakuta 18.7.

Tafadhali zisome namba hizo mara ya pili. Mita mia moja ni urefu wa uwanja wa mpira. Ndani ya umbali huo, uchafu ulishuka ukabaki kama sehemu moja kati ya saba. Watu hao hao walipima pia kwenda juu katikati ya mji: chini barabarani 119.5, na juu ya paa la ghorofa ya tatu 42.8. Mji ule ule, mchana ule ule, lakini mwenye duka la chini na mwenye ofisi ya juu wanavuta vitu viwili tofauti.

Kwa kulinganisha, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2021 linasema wastani wa mwaka wa chembe hizi usizidi mikrogramu 5. Kwa hiyo hata ile 18.7 si hewa safi. Hatusemi chumba cha nyuma ni pepo. Tunasema kwamba kati ya viwili hivi, tunataka kukichagua kilicho kibaya zaidi, na tumchagulie nani? Mdogo kuliko wote.

Sababu ya kushuka huko si siri. Moshi unapotoka kwenye bomba ni moto na umebanana. Hewa inayozunguka huuvamia, ikauchanganya na kuupanua, kama tone la wino kwenye ndoo ya maji. Zile chembe ndogo kupita zote hugongana na kushikamana, nyingine huyeyuka zikawa mvuke. Kupungua kwenyewe hakuendi kwa kipimo sawa kila hatua: sehemu kubwa huondoka mwanzoni, katika makumi ya kwanza ya mita, kisha mkia wake hurefuka polepole. Ndiyo maana tunang'ang'ania hatua hamsini na tano. Si hatua za mwisho wa mkia, ni zile za mwanzo, ambazo kila moja ina thamani.

Huko Los Angeles, mwaka 2002, ilichapishwa kazi kama hiyo kando ya barabara kuu inayopitisha magari zaidi ya elfu kumi kwa saa. Walikuta kwamba zile chembe ndogo kabisa hurudi kwenye kiwango cha kawaida cha mji baada ya mita kama 300. Sasa kuna ndugu atasema: lami yetu ya Mutanga ina magari mangapi? Ni kweli, hatuna magari elfu kumi kwa saa, na alhamdulillah kwa hilo. Lakini Hiace moja iliyochoka, imejaza abiria, inapanda mlima kwa gia ya kwanza huku ikitema weusi, usiihesabu kama gari moja la Los Angeles. Na sisi hatukai mita 300 kutoka kwayo. Tunataka kukaa hatua tisa.

"LAKINI MUTANGA IKO JUU"

Hoja hii tumeisikia zaidi ya zote. Kwamba moshi ni wa Buyenzi kwenye magereji, ni wa katikati ya mji kwenye parkingi za mabasi, na sisi tuliopanda huku upande wa milima tunapata upepo safi. Wengine ndiyo sababu waliyojengea huku.

Upepo tunapata, lakini tuuangalie unatoka wapi. Mchana jua linapopasha nchi kavu, upepo huvuma kutoka Ziwa Tanganyika kuja upande wa milima. Maana yake unapita juu ya mji kwanza, ndipo unatufikia sisi. Usiku mambo hugeuka: hewa baridi na nzito huteremka kutoka milimani kwenda ziwani, polepole, ikitambaa karibu na ardhi. Basi nyumba ambayo barabara iko upande wake wa ziwa huletewa moshi mchana na jioni. Ile ambayo barabara iko upande wake wa mlima huletewa usiku na alfajiri. Kila mzazi anaweza kusimama uani kwake na kujua yeye ni yupi kati ya hawa wawili. Darasa letu, kwa wasiojua, lina barabara upande wa ziwa. Na wadogo wanasoma mchana.

Na alfajiri ina khatari yake. Kabla jua halijachomoza hewa ya chini imetulia, imefunikwa na hewa ya juu iliyo na joto zaidi, na moshi haupati njia ya kupanda. Watafiti wa California waliotembea na mashine saa hizo, katika kazi iliyochapishwa 2009, waliukuta moshi wa barabara kuu ukifika kiasi cha kilomita mbili, pale ambapo mchana ungekuwa umekwisha kwa mita mia tatu. Tunaomba hilo likumbukwe na wanaowatoa watoto mapema na kuwapitisha kandokando ya lami, wakati kuna kichochoro cha ndani kinachofika pale pale kwa dakika tatu zaidi.

Halafu kuna mlima wenyewe. Injini ikipanda hula mafuta zaidi na kutoa moshi zaidi. Barabara ya mteremko mbele ya darasa si sawa na barabara ya tambarare. Kila aliyetembea nyuma ya lori linalopanda anajua bila kuhitaji mtafiti.

"MAFUTA YENYEWE YAKO WAPI?"

Hoja nyingine ni ya uchungu, na hatuwezi kuidharau. Tangu 2021 nchi yetu imepita vipindi virefu vya uhaba wa mafuta. Tumelala kwenye foleni za stesheni, tumenunua esansi kwa chupa na bidoni kwa bei ya aibu. Machi 2022 pikipiki, baiskeli na tuk-tuk zikakatazwa kuingia katikati ya mji, na watu wakatembea. Basi ndugu anasema: magari yamepungua, mnatutisha na moshi gani?

Tunamjibu hivi. Gari lisipokuwepo, nani yuko barabarani? Ni yule anayetembea. Na anayetembea mlimani na mzigo huvuta pumzi nyingi na ndefu kuliko aliyekaa. Mafuta yakifika, magari yote hutoka siku moja, yakajipanga, yakaenda na kusimama, kwenda na kusimama. Kuwaka na kusimama ndiko kunakotoa moshi mbaya. Tena chumba tunachojenga si cha mwaka huu wa uhaba. Tukiomba mafuta yapatikane, na tunaomba kila siku, basi tunaomba pia magari yarudi. Je, tunajenga darasa kwa kutegemea dua yetu isijibiwe?

Na hapa kuna jambo linalotuuma kulisema, kwani ni letu wenyewe. Saa ya kuwachukua watoto, simama getini utazame. Probox mbili, jipu moja, Hiace ya wanafunzi, zote zinaunguruma na hakuna inayokwenda. Dakika kumi, dakika kumi na tano. Mmoja anataka ubaridi wa gari, mwingine anaogopa betri haitawasha tena. Yaani mtu amelala foleni siku mbili kutafuta esansi, kisha anakuja kuichoma getini kwa watoto! Bomba la gari liko kimo gani? Kimo cha mtoto wa miaka minne. Wewe uliye juu unahisi harufu kidogo, yeye anaipokea usoni. Na huyo wako aliye ndani ya gari, usidhani amesalimika. Gari huvuta hewa kutoka mbele, na mbele kuna bomba la gari la mwenzako.

Mpango wa kamati unasema gari zitakaribia mlango. Maana yake madirisha yale mapana tuliyoyasifu yatafunguka juu ya mabomba yetu wenyewe.

"SISI TULIKULIA BUYENZI NA TUKO HAI"

Mzee wetu mmoja, ambaye tunamheshimu na tutaendelea kumheshimu, alisema mkutanoni: mimi nimekulia katikati ya magereji, nimevuta moshi wa kila rangi, na leo nina wajukuu kumi na wanne. Watu walicheka, na mjadala ukaishia hapo.

Mzee wetu, Mungu akuzidishie umri. Lakini tunaowahesabu ni walio hai, kwani waliokwenda hawaji mkutanoni. Na ubaya wa moshi huu si kwamba kila anayeuvuta huanguka. Ubaya wake ni kwamba hupunguza, kidogo kidogo, kwa mtu asiyejua kama amepunguziwa. Kusini mwa California waliwafuata watoto 3,677 kwa miaka minane, kuanzia umri wa miaka kama 10 hadi 18, wakiyapima mapafu yao. Majibu yalichapishwa 2007. Watoto walioishi ndani ya mita 500 za barabara kuu, mapafu yao yalikua pungufu kuliko ya wale walioishi mita 1,500 na zaidi. Hawakuwa wagonjwa kitandani. Walikuwa wakicheza mpira kama wenzao. Walifika ujana na mapafu madogo kuliko waliyostahili, na mapafu yakishamaliza kukua ni vigumu kuyadai deni lake. Jimbo hilo lilikuwa tayari limeweka sheria mwaka 2003 ya kuzuia shule mpya zisijengwe ndani ya futi 500, yaani kama mita 150, kutoka barabara kuu.

Wapo pia ambao hawapunguziwi tu. Huko London mtoto Ella Adoo-Kissi-Debrah, wa miaka tisa, alifariki Februari 2013 kwa ugonjwa wa pumu baada ya kulazwa karibu mara thelathini. Nyumba yao ilikuwa mita chache tu kutoka South Circular, barabara yenye msongamano mkubwa. Mama yake hakunyamaza. Ilichukua miaka, na Desemba 2020 afisa anayechunguza vifo akatamka kwamba uchafu wa hewa ulichangia kifo chake. Mama huyo amesema mara nyingi kuwa hakuna aliyemwambia. Alimtembeza binti yake kando ya barabara ile akiamini anamfanyia kheri. Sisi wa Mutanga Nord hatuwezi tena kusema hatukuambiwa, khasa familia ambazo zinajua njia ya hospitali ya Roi Khaled usiku, mtoto begani anatafuta pumzi.

Tukiri jambo moja. Baadhi ya kina mama walituuliza: mbona hamsemi moshi wa makaa jikoni? Wamesema kweli. Jiko la makaa ndani ya chumba kisicho na dirisha linaweza kuwa baya kuliko barabara, na tutaliandikia peke yake insha Allah. Lakini mtoto anayetoka jikoni kwenye moshi ndiye anayehitaji zaidi kupumzishwa mapafu saa nne za darasa. Kosa moja haliwi ruhusa ya la pili.

Wengine wanataka tuiachie serikali. Yapo ambayo ni ya serikali na tunaona faida yake. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini ya Sahara kufikia 2006. Watu walisema magari yatakufa, na hayakufa. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki, Burundi ikiwemo, ziliingia kwenye kipimo kipya cha dizeli, au mazutu kama tunavyoiita, kisichozidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Jambo jema, japo mafuta safi kwenye injini mbovu hayafanyi miujiza. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilishauweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani. Ndugu zetu wa Makerere, Kampala, kwa mradi wao wa AirQo ulioanza 2015, wametengeneza mashine ndogo za kupimia hewa na kuzifunga miji mingi ya Afrika, hadi Bujumbura. Yote haya yana wenyewe. Lakini chumba kipi kiwe darasa na kipi kiwe stoo, hilo halihitaji wizara. Ni letu sisi.

Kwa hiyo tunachodai ni hiki. Wadogo wabaki nyuma. Ofisi na stoo, ambamo mtu mzima huingia na kutoka, viende mbele, na vipate yale madirisha yanayosifiwa. Magari yasimame chini kwenye kona, injini zikiwa zimezimwa, na watoto waletwe kwa mkono kupitia uwanja. Anayeogopa betri tutamsukuma, vijana wapo. Ukuta wa mbele usibomolewe kupisha parkingi, kwani ukuta na ule ua wa miti, japo haviondoi moshi, huupandisha juu na kuuchelewesha kidogo. Mlango wa chumba cha nyuma uendelee kufunguka upande wa bustani.

Wanaosema darasa lisipoonekana barabarani halitapata wanafunzi, tutawaandikia kibao kikubwa, chenye rangi wanayoitaka, na kibao kikae hatua tisa kutoka lami mchana kutwa.

Mkutano ni Jumapili baada ya Alasiri, katika chumba hicho hicho cha mbele. Tumeomba madirisha yafunguliwe yote na tukae humo saa nzima, muda ambao Hiace zinarudi kutoka mjini. Anayekuja na gari alizime.

Wassalaamu alaykum.